Giaboksi ya Mwalimu Klachi

Wanafunzi walimwita Mwalimu Klachi, kwa sababu ndilo neno alilolipigia kelele kuanzia asubuhi hadi jioni. Alifundisha udereva kwa gari lake mwenyewe, dogo, jeupe, lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa na breki ya pili upande wake. Alilinunua jipya. Alikuwa amechoka kusukuma makuukuu huku wanafunzi wakimtazama. Waranti ya miaka mitatu, ahadi ya kampuni kulitengeneza bure, ikampa usingizi mnono, na ilipokwisha, mumewe, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko nywele anazozinyoa, akamtania: "Haya, mke wangu, gari sasa ni yatima."

Halikumaliza wiki. Lilimfia mlimani, usukani ukiwa mikononi mwa mkunga wa zahanati, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikuwa akirudisha gia kutoka ya pili kwenda ya kwanza pale chini ya miguu yao kitu kilipolia kama sufuria lililoangukia sakafu. Gia ikagoma. Gari likaanza kurudi nyuma. Mwalimu akakanyaga breki yake, akavuta ya mkono, akazima injini.

"Nimeliua?" mkunga akauliza, macho yamemtoka.

"Hujaliua, mama. Shuka taratibu, tutafute jiwe la kuweka nyuma ya tairi."

Gari likavutwa hadi kwa kampuni iliyomuuzia. Kesho yake akaitwa kwenye ukumbi wa vioo, wenye harufu ya matairi mapya na viti vinavyokuzamisha mpaka kuinuka inakuwa kazi. Bwana wa mapokezi alimpokea kwa sauti ya msibani.

"Pole sana, dada. Giaboksi imesagika ndani. Si ya kutengeneza, ni ya kubadilisha. Na waranti yako, bahati mbaya, ndiyo kwanza imeisha."

Akataja bei. Kwa bei hiyo mtu angepata gari zima la mtumba, na chenji ya mafuta.

Mwalimu akangoja hasira ije. Haikuja. Alichokiona ni kwamba kikombe cha yule bwana kilikuwa na ufa, na kwamba ufa ule ulikuwa umeishia karibu na kishikio.

"Una swali lolote, dada?"

"Choo kiko wapi?"

Nyumbani, hasira alizozikosa yeye alikuwa nazo mumewe. "Yaani hata wiki haijapita! Hao nitawanyoa bila maji!" Akavaa shati lake la heshima, akaenda. Alirudi jioni, mpole kama aliyemwagiwa maji. Walimsikiliza, walimpa kahawa, wakamkubalia jambo moja: gari litaoshwa bure.

"Halitembei, lakini litang'aa," alisema, akasubiri mkewe acheke. Mwalimu aliusikia mzaha ule kama redio ya nyumba ya tatu. Akaendelea kukunja nguo. Alipomaliza akazikunjua, akazikunja upya.

Siku zikapita hivyo. Simu za wanafunzi zilipoita, alizitazama mpaka zinyamaze. Hakulia, hakulaumu, hakula vizuri, na mtu akimwuliza hali alijibu "nzuri" kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Ndipo mkunga akaja mwenyewe, na sare yake ya kazini, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, mtihani ni keshokutwa. Nimezalisha watu gizani, mvua inanyesha, sikutetemeka. Lakini huo mtihani wenu unaniharisha."

Mwalimu akamtazama. Kisha akavaa viatu.

Alikwenda kwa Kobe. Huyo ndiye mwalimu mwingine wa udereva pale mtaani, aliyeitwa hivyo kwa mwendo aliowafundishia watu, na walikuwa hawasalimiani tangu wagombanie uwanja ulio nyuma ya maghala, ambako wote wawili walifundishia kurudi nyuma. Siku nyingine yoyote, Mwalimu angeona afadhali ameze wembe kuliko kukanyaga kwa Kobe. Lakini aibu hukaa chumba kimoja na hasira na furaha, na chumba hicho kwake kilikuwa kimefungwa.

Alimkuta anaosha gari.

"Langu limekufa," akamwambia. "Nina mwanafunzi ana mtihani keshokutwa. Naomba lako, saa za mchana."

Kobe akabaki na sponji mkononi, maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. "Wewe? Unaniomba mimi?"

"Ndiyo."

Miaka yote hiyo Kobe alikuwa ameweka akiba ya maneno ya kumwambia. Sasa aliikamua sponji tu.

"Mafuta juu yako," akasema hatimaye. "Na usimpigie mtu kelele ndani ya gari langu. Halijazoea."

Mkunga alifaulu. Aligusa koni moja wakati wa kurudi nyuma, lakini alifaulu, akamkumbatia Mwalimu akilia kwa furaha. Mwalimu akampigapiga mgongoni, akifikiri kwamba sasa inafaa kusema hongera. Akasema hongera.

Giaboksi ilipatikana, ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali. Akiba ya kuezekea chumba cha uani ikaishia humo. Aliyeifunga, gari likiwa limevutwa hadi nyumbani, ni fundi wa barabarani, na kinyozi, ambaye sasa alikuwa na donda la mambo hayo, akamuuliza kuhusu waranti.

"Ipo, kaka. Mpaka pale getini."

Kinyozi akacheka, kisha akamgeukia mkewe. Alikuwa ameketi kwenye usukani, anaingiza gia moja baada ya nyingine. Ya kurudi nyuma iliingia kwa kunung'unika.

"Vipi, umefurahi?"

"Linatembea," akasema.

Asubuhi iliyofuata alifika uwanjani na mwanafunzi mpya. Kobe alikuwa ameshatangulia. Koni zake zilikuwa zimesogezwa upande mmoja, na nusu ya uwanja ilikuwa wazi. Mwalimu akampungia mkono, akaegesha pale palipoachwa.

"Funga mkanda," akamwambia mwanafunzi.