Philister Alivyosimamisha Filamu

Katika kanisa letu la Wakenya hapa Minneapolis, mtu akifiwa, simu ya kwanza hupigiwa mchungaji na ya pili hupigiwa Philister. Mchungaji huja kuomba. Philister huja na daftari. Kazi yake ni kuandika historia ya marehemu, ile inayosomwa ibadani kabla ya mahubiri, na tangu afike nchi hii ameandika thelathini na moja. Haulizi tu shule alizosoma marehemu na watoto aliowaacha. Huuliza alikuwa akichekaje, alipenda chakula gani, alikuwa akimkasirisha nani. Tena ana sharti moja asilolivunja: ikiwa marehemu aliuawa, jina la muuaji haliingii kwenye karatasi yake. Muuaji, husema Philister, ana mahakama ya kumtaja.

Mchana hufanya kazi katika nyumba moja ya kutunza wazee kule New Hope. Huu ni mwaka wake wa kumi na mbili. Mimi niko jikoni. Yeye yuko ghorofa ya pili, anaogesha, anavisha, na kuandika katika kitabu cha zamu nani amekula na nani hakula. Ni mwanamke mfupi anayetembea haraka na kuzungumza polepole.

Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana wazee huonyeshwa filamu ukumbini, ikimulikwa ukutani kwa projekta. Anayeipanga ni Allan, msimamizi wa shughuli za wazee, mtu wa kwetu kutoka Nyamira ambaye tunasali naye. Oktoba ile alichagua filamu ya zamani inayosifiwa sana, iliyokuwa inatimiza miaka hamsini. Inahusu kijana wa miaka kumi na tisa na mpenzi wake wa kumi na sita, walioiba gari wakaua watu sita kwa siku tisa katika mashamba ya magharibi. Mambo hayo yalitokea kweli, mwaka 1961. Fiona, binti wa Philister, alikuwa amefundishwa filamu hiyo chuoni na kuambiwa ni chache zilizopigwa picha vizuri kama hiyo. Allan alibandika bango lake mlangoni mwa chumba cha kulia: wale wawili wameegemea gari, upepo umewapeperusha nywele, wamependeza kama maarusi.

Siku bango lilipobandikwa, sahani ya Arlys Nygaard ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Arlys ana miaka themanini. Alifanya kazi posta maisha yake yote, hakuolewa, na hana mazoea ya kulalamika. Philister alimfuata chumbani akaketi kitandani, akangoja. Ndipo Arlys akamwambia kwamba ndani ya filamu ile yumo kijana wa kituo cha mafuta. Anaonekana kwa sekunde hamsini. Anapiga magoti, analia, anapigwa risasi, na majina ya waigizaji yanapopita mwishoni yeye ameandikwa tu kuwa mhudumu wa kituo. Huyo ni kaka yake, Dale.

"Kwenye filamu ana vidole kumi," Arlys alisema. "Dale alikuwa na tisa."

Cha kumi kilikatwa na mashine ya mahindi Dale akiwa na miaka kumi na miwili. Waandishi wa habari walifika kwao mara nyingi, kabla ya filamu na baada yake. Walitaka kujua wale wawili walikuwa wamevaa nini na kama walikuwa wakipendana kweli. Habari za vidole vya Dale hakuna aliyeziuliza.

Philister alishuka siku hiyo hiyo kumwomba Allan aiondoe filamu. Allan hakuwa mkali. Alimweleza kwamba kalenda imekwisha kutumwa kwa familia zote, wageni wengi wamesema watakuja, na Bi. Arlys akipenda atabaki chumbani, atapelekewa chai. Philister akapanda na jibu hilo.

"Miaka hamsini nimebaki chumbani," Arlys alisema. "Safari hii nitakaa mstari wa mbele. Lakini nataka wamjue kabla hajapigwa."

Basi Philister akatoa daftari.

Kwa siku tatu, akishamaliza zamu, alikaa na Arlys na kumuuliza maswali yale yale anayowauliza wafiwa wetu. Alipenda chakula gani? Lefse, ile chapati laini ya viazi ya Wanorwe, yenye siagi na sukari. Alikuwa akimkasirisha nani? Mama yake, kwa kula amesimama. Dale alimfundisha Arlys kuendesha gari malishoni, akamwambia akanyage mafuta tu, ng'ombe watapisha. Ng'ombe hawakupisha. Arlys alicheka hadi Philister akamshikia kikombe. Mwishowe Philister akauliza kama ni kweli Dale alipiga magoti. Arlys alisema hajui, na aliyejua hayupo. Philister hakuandika kwamba alipiga magoti, wala hakuandika kwamba hakupiga.

Nyumbani mumewe, Jairus, alimwuliza kama sasa ameanza na marehemu wa Wazungu. "Na wakikufukuza, mama Fiona, historia ya kazi yako pia utaiandika wewe?" Philister alimwambia atamwachia yeye aiandike, kwa kuwa ana muda mwingi wa kuongea.

Habari kwamba Philister atasoma historia ya Dale siku ya filamu zilimfikia Allan, naye akamwita ofisini. Mambo ya wazee, alimwambia, hayasomwi mbele ya wageni, na mfanyakazi atakayefanya hivyo atapewa onyo la maandishi, pengine atafukuzwa. Philister alimwonyesha sahihi ya Arlys ya kukubali isomwe. Allan akasema haitoshi, lazima makao makuu yakubali, na makao makuu huchukua miezi.

"Dada Philister, wewe na mimi tunakula kwa kazi hii."

"Allan, historia ya baba yako ilikuwa kurasa nne," Philister alisema. "Ulishindwa kusafiri kwenda kumzika. Nilikuuliza alikuwa akifungaje kamba za viatu, ukanionyesha kwa mikono yako. Nani alikuuliza jinsi alivyougua?"

Allan aliitazama kalenda iliyokuwa ukutani. "Usisome," alisema.

Jumatano ile ilikuwa siku ya mapumziko ya Philister. Alikuja saa saba na nusu amevaa gauni lake la kanisani, jeupe, na katika kitabu cha wageni akaandika kwamba amekuja kumtembelea Arlys Nygaard. Wakaketi pamoja mbele kabisa. Ukumbi ulijaa, sisi wa jikoni tulisimama nyuma na sinia za biskuti. Filamu ilianza saa nane kamili. Ni nzuri, sitasema uongo. Mashamba yalikuwa ya dhahabu, na wale wawili walikuwa wakicheka ndani ya gari la watu.

Saa nane na dakika thelathini na nane gari liliingia kituo cha mafuta. Philister akainuka, akasimama mbele ya picha.

"Simamisha, Allan."

Allan alikuwa ameshika rimoti. Hakuisogeza. Philister akafungua karatasi na kuanza kusoma, na sauti ya filamu ikawa inapita juu ya yake. Mgeni mmoja alimwambia akae, anawaziba. Arlys akagonga kigari chake cha kutembelea sakafuni, mara mbili.

"Namsikiliza kaka yangu," alisema.

Ikabaki sauti ya filamu tu. Kisha nayo ikanyamaza. Nilipogeuka, Allan alikuwa amenyoosha mkono wenye rimoti mbele kabisa, kama mtu anayetaka kila mtu aone ni yeye. Uso wa mwigizaji, mdomo wazi, ulikuwa umeganda juu ya gauni jeupe la Philister.

Akasoma tangu mwanzo. Dale Nygaard alizaliwa mwaka 1939, mtoto wa kwanza wa mkulima na mwalimu. Alikuwa na vidole tisa, na kwa hivyo vidole tisa alitengeneza redio ya kila jirani. Alikula amesimama. Alipiga mluzi vibaya. Aliwaamini ng'ombe kupita kiasi. Hapo watu walicheka, na Arlys akacheka pamoja nao. "Aliuawa akiwa kazini, Machi 1961, akiwa na miaka ishirini na miwili. Ameacha dada mmoja, Arlys, ambaye yuko hapa."

Mgeni yule aliyetaka akae akauliza, kwa upole sasa, kama yule msichana wa kwenye gari bado yu hai.

"Sikuuliza," Philister alisema, akaketi.

Arlys akamwambia Allan aendelee. Filamu ikaendelea, na mhudumu wa kituo akainua mikono yake miwili juu, vidole vyote kumi. Mzee mmoja wa mstari wa tatu, ambaye masikio yake ni mabovu na huongea kwa sauti kubwa, akasema, "Huyo siye."

Arlys alitazama hadi risasi ilipolia. Hakufumba macho. Jioni alikula sahani nzima, na akaomba mkate wa pili.

Onyo la maandishi lilitoka Ijumaa, kutoka makao makuu, ambayo safari hii hayakuhitaji miezi. Jingine kama hilo, na Philister atakuwa hana kazi. Chini ya barua kulikuwa na nafasi ya maelezo ya mfanyakazi, mistari mitatu. Wengi huandika hapo kwamba wanaomba radhi. Philister aliandika kwa mwandiko wake wa kunyooka: "Ni kweli nilisoma. Nilichosoma kimeambatishwa, kurasa mbili. Onyo hili lisisomwe bila kurasa hizo."

Allan alitakiwa kutia sahihi kama shahidi. Alisoma maelezo, akasoma kurasa zote mbili polepole, akatia sahihi. Kisha akaziweka nyuma ya barua, akazilinganisha pembe, na kupiga pini. Akazivuta kuona kama zinashika, halafu akapiga pini ya pili.