Saa Tatu hadi Mtoni

Wapagazi walimwita Saa Ngapi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lori likishusha watu waliotoka mlimani, yeye ndiye wa kwanza kufika, mguu mmoja akiuburuta, daftari kwapani, kalamu sikioni. Mtu hajatua mzigo, hajapiga hata funda moja la maji, keshaulizwa: "Kutoka zizini hadi mtoni mmetumia saa ngapi? Mmepumzika mara ngapi? Mlibeba nini?" Wengine walimjibu kwamba hawakuhesabu saa, walikuwa wanahesabu pumzi zilizobaki. Hakukasirika. Aliwafuata mpaka pale wanapovua viatu, akawaagizia chai, akakaa nao hadi wakasema. Kupanga njia ndiyo ilikuwa kazi yake, na mjini pale hapakuwa na mtu wa kumfundisha.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la betri za magari, chenye madirisha mawili, moja halifunguki. Mezani palikuwa na ramani iliyobandikwa gundi na karatasi mara nyingi hadi ikawa ngumu kama ubao. Kampuni ilikuwa ikipeleka wageni na wataalamu kwenye magofu ya mlimani: mji wa mawe wa watu wa kale, kuta za nyumba zisizo na paa, makaburi, na matuta ya mashamba yaliyochongwa kwenye ubavu wa mlima mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Kufika huko kulitaka siku moja ya lori hadi mwisho wa barabara, siku ya pili kwa nyumbu hadi kwenye zizi lililoachwa la kondoo, na siku ya tatu kwa miguu. Baada ya zizi nyumbu hawapiti. Chakula, mahema na masanduku ya vifaa vya kuchimbia, vyote vilipanda kwa migongo ya watu.

Katika siku hiyo ya tatu palikuwa na mto, na mto huo haukuwa na mchezo. Juu kileleni mvua hunyesha karibu kila siku adhuhuri ikishapita, na maji yake hushuka bondeni kwa kishindo. Asubuhi mtu anavuka yakimfika magotini huku anapiga soga. Saa saba mchana hata mwamba unatikisika. Kwa hiyo mpango wote wa safari, ukiuondolea mapambo, ulikuwa neno moja: kufika mtoni kabla ya saa sita.

Saa Ngapi aliyajua haya kwa mgongo wake mwenyewe. Yeye na mdogo wake walianza upagazi pamoja, wakila sahani moja na kulala hema moja, mpaka siku jiwe lilipomteleza chini ya mguu na goti likavunjika. Kampuni ikampa kiti na meza. Mdogo wake akaendelea kupanda, akapata jina, akawa mnyapara wa wapagazi wote. Alikuwa mtu mpole mwenye mabega mapana, asiyependa maneno mengi, na kwa kaka yake alikuwa na heshima ya kuchosha. Kaka akisimama, naye husimama. Kaka akisema jambo la kipuuzi, yeye hutazama chini. Mara nyingi Saa Ngapi alimwambia waziwazi, "Nibishie siku moja, tuone kama mbingu itaanguka." Mdogo mtu alicheka tu.

Mwaka ule mvua kubwa iliangusha upande mzima wa mlima, njia ya zamani ikafukiwa. Kundi lililokuwa magofuni likajikuta halina pa kupita, likatafuta njia nyingine kwa kushukia korongoni. Walipofika mjini wakiwa wamechanika nguo na midomo, Saa Ngapi alikuwa keshafika na daftari lake. Aliwauliza kipande kwa kipande, nao wakajibu. Kutoka mtoni hadi zizini: saa tatu. Akaandika, na pembeni akachora mshale unaotazama chini.

Mishale hiyo ilikuwa desturi yake. Wa juu ni wa kupanda, wa chini ni wa kushuka. Saa za kushuka hakuziandika kamwe kwenye mpango kama zilivyo, kwa sababu kwenye miinuko ile mwenye mzigo akipanda hutumia karibu mara mbili. Kila karatasi iliyotoka mezani kwake ilikuwa imepita kwenye hesabu hiyo, isipokuwa moja.

Ile moja aliiandika bosi akiwa amesimama mgongoni pake. Profesa wa mambo ya kale, mgeni aliyesubiri miezi kupata kibali cha kuchimba, alitaka mpango wa njia mpya mkononi kabla ofisi haijafungwa. "Andika tu, mzee," bosi alikuwa akisema, "utaurembesha baadaye." Akaandika. Zizini hadi mtoni, saa tatu. Kuondoka saa moja asubuhi, kufika saa nne, kuvuka kwa raha.

Jioni hiyo hiyo aliusoma mpango mbele ya bosi, profesa na mdogo wake. Mnyapara aliishika karatasi muda mrefu kuliko kawaida.

"Kaka, hesabu hii umeipitia?"

"Lini niliacha kuipitia?" akajibu Saa Ngapi, na bosi akacheka, na profesa naye akacheka kwa kuwa wengine wamecheka.

Mdogo wake akakunja karatasi. "Sawa, kaka."

Siku ya tatu tangu lori liondoke, kama saa nne ya asubuhi, alikuwa akihamisha hesabu za njia mpya kutoka daftarini kwenda kwenye ramani ya mezani. Alifika kwenye mshale. Akautazama, akageuza daftari kana kwamba kosa ni la karatasi iliyolala vibaya, akautazama tena. Si saa tatu. Kwa masanduku yale ni tano na nusu, pengine sita. Wakitoka saa moja wanafika saa saba, na mto uko wima.

Alimpigia simu mwenye duka wa mwisho wa barabara, ambako mtandao unaishia. Walishapita juzi jioni, akaambiwa, jana walipanda na nyumbu, kuna nini? "Hakuna," akasema Saa Ngapi. Hata leo hajui kwa nini alisema hakuna. Labda kwa sababu hapakuwa na la kufanya, zizi liko siku nzima kutoka dukani na hakuna pikipiki inayopanda huko. Au labda aliona haya, na hilo ndilo ninaloliamini mimi. Akakaa chini, akajipa moyo kwamba mdogo wake si mtoto, ana macho, atawaamsha watu mapema. Bosi alipoingia na kuuliza habari, alimwambia ni nzuri.

Simu ilirudi kesho yake. Walifika mtoni saa saba kasoro. Maji yalikuwa yameanza kupanda lakini mawingu yalikuwa yameshawafunika na pa kujificha hapakuwa, kwa hiyo mnyapara akafunga kamba, akavuka wa kwanza, akawavusha watu mmoja mmoja. Alibaki mmoja, kijana wa mizigo aliyeshikwa na woga katikati ya maji. Mnyapara alirudi kumchukua. Yule alipona. Mnyapara walimkuta siku mbili baadaye, chini kabisa, kamba ingali kiunoni.

Baada ya maziko bosi alimwita Saa Ngapi ofisini, akafunga mlango na kumsogezea karatasi. Ilikuwa taarifa ya ajali. Ilisema mpango wa njia ulikuwa sahihi, na kwamba mnyapara alichelewa kuwaondoa watu kambini.

"Mimi na wewe tunajua kilichotokea," bosi alisema kwa sauti ya upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya. "Lakini aliyekufa hafukuzwi kazi. Wewe una familia, na sasa na ya kwake iko mikononi mwako. Ukianguka wewe, nani atawalea?"

Saa Ngapi akatia sahihi. Tusimtafutie maneno mazuri. Alitia sahihi kwa mkono ule ule uliotupa udongo kaburini, kisha akashuka ngazi moja moja akishika ukuta.

Taarifa ya kampuni ikishatoka, haikai ofisini. Alichelewa kwa nini? Watu hawapendi swali lisilo na jibu, wakalitafutia. Wa kwanza akasema mnyapara alilala. Wa pili akasema mtu mzima halali hivyo bila sababu. Ilipofika sokoni, alikuwa amelewa chakari, wapagazi walimwagia maji ndipo akaamka. Mtu ambaye hakuwahi kuonja. Mama yao, mwanamke aliyetembea mjini hapo kwa miaka sitini akiwa hana deni la aibu kwa mtu, akaacha kwenda sokoni. Alianza kutuma wajukuu. Saa Ngapi alipokwenda kumsalimu, mama alimwitikia, akamwandalia chakula, na hakuuliza kitu. Yeye alikula akiwa ameinamia sahani. Akawa halali, na akilala anaota anahesabu.

Wiki ya saba alijikaza akaenda kwa shemeji yake, mjane wa mdogo wake, aliyekaa nyumba moja na mama yao. Alimkuta uani akifua, mikono imejaa povu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno mafupi, na tangu msiba alikuwa amezidi kuyafupisha.

"Karibu, shemeji. Kiti hicho hapo."

Hakukaa. "Shemeji, nimekuja kusema jambo. Mume wako hakuchelewa. Hakulewa, hakulala. Ni mimi. Zile saa tatu zilikuwa za kushuka, nikaziandika za kupanda. Na ile taarifa nimeitia sahihi mimi."

Aliongea kwa mfululizo, akiogopa kwamba akivuta pumzi atashindwa. Shemeji yake hakuacha kufua. Alikamua shati la mtoto, akalitundika kambani, akarudi.

"Nilijua," akasema.

Saa Ngapi akamtazama.

"Alikuja na ile karatasi nyumbani siku moja kabla ya safari. Akanionyesha. Akasema, kaka kakosea hapa, hizi ni za watu walioshuka. Nikamwambia rudi ukamwambie. Akasema, nilimuuliza mbele ya watu, akajibu ameipitia, sasa nirudi nikamwambie nini, kwamba hajui kazi? Goti lilishamtoa mlimani, nami nimtoe na kwenye kiti? Akasema ataamsha watu saa tisa usiku, mwendo utajirekebisha wenyewe, na wewe hutajua."

"Saa tisa," Saa Ngapi akarudia. "Kwa hiyo aliwaamsha."

"Aliwaamsha. Mpishi wao alikuja hapa akaniambia, ila ofisini hawezi kusema, anataka safari nyingine. Watu walishafunga mizigo. Profesa akatoka hemani na karatasi yako. Akasema imeandikwa saa tatu, na aliyeandika ndiye anayejua njia kuliko wote, kila mtu amemwambia hivyo. Kwa nini awatembeze watu gizani? Mume wangu akawaambia watu watue mizigo, wangoje kuche. Angesema nini? Angesema kaka yake kakosea?"

Saa Ngapi alishika kamba ya nguo. Miaka yote alikuwa akimwambia mdogo wake ambishie.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Nilikuwa nakungoja." Shemeji yake alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kila Ijumaa unapokuja kwa mama nilisema, leo atasema. Wiki saba, shemeji. Watoto wangu wanaitwa watoto wa mlevi, na wewe unakuja, unakula, unaondoka."

Saa Ngapi akageukia mlango wa nyumba.

Mama yao alikuwa ndani. Mlango ulikuwa wazi na pazia limeshushwa, na hapakuwa na haja ya kuuliza kama amesikia. Saa Ngapi aliingia, akapiga magoti sakafuni jinsi goti lilivyomruhusu, akaanza upya: saa, mshale, karatasi, sahihi. Mama alikaa kitandani mikono mapajani. Alimwacha amalize.

"Mimi hukunipa habari mpya," akasema. "Mwanangu nilimzaa, nilijua hakulewa. Hata siku moja sikuamini."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nenda kwenye malori ukawaambie walioamini."

"Watanifukuza kazi, mama."

"Watakufukuza," alikubali. Alinyoosha mkono akamshika bega, na kwa kitambo Saa Ngapi alidhani anamkumbatia. Alikuwa anamsaidia kusimama. "Nenda sasa hivi, kabla watu hawajatawanyika. Nikitoka kesho kwenda sokoni nataka niwe nimetanguliwa na maneno yako."