Mguu wa Mtani Wangu

Mtu akitunga uongo hutunga wa kujipandisha, sivyo? Hiki ninachokueleza kinanishusha, kwa hiyo amini tu kwamba sikukitunga. Kilinipata mwaka jana mwezi wa saba, alfajiri, kwenye njia ya kutoka Mkunya kwenda Newala mjini. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na homa.

Zamani nilikuwa fundi wa ndege jeshini. Usifikirie haya madege ya abiria. Zetu zilikuwa ndogo, za kufundishia marubani, za kizamani hata kwa wakati ule: viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na injini moja. Asubuhi za baridi ziligoma kuwaka, ikabidi fundi asimame mbele azungushe pangaboi kwa mikono. Kabla hujaligusa unauliza kwa sauti, "Swichi zimezimwa?" Rubani anajibu, "Zimezimwa." Akijibu uongo, injini inashika na mikono yako imekwenda. Kwa miaka yote niliyozungusha pangaboi la Kapteni Ausi, mikono yangu ni hii hapa, kamili.

Ausi alikuwa Myao, mimi Mmakonde. Tulikuwa watani, na utani wetu haukujali cheo. Mbele ya makuruta aliniita mla panya, nami nikamwita mchuuzi aliyewauza babu zangu utumwani, kisha tukagawana sigara.

Kulikuwa na sheria nyingine niliyoipenda. Fundi akimaliza kuihudumia injini anatia saini, halafu anapanda kiti cha nyuma wanakwenda kuijaribu pamoja. Ukijua utapanda, hulegezi kitu. Nilipanda na Ausi mara nyingi sana. Oili ya moto inanukia, upepo unakupiga mashavu, na mbele yako unaona kisogo cha mtu anayeimba peke yake. Sijapata raha kama ile tena.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu. Siku moja nilibadilisha oili ya ndege yake. Ile nati ya chini ya kumwagia oili, ukishaikaza, lazima uipitishie waya mwembamba wa kuishika isije ikalegea kwa mtikisiko. Gari la kwenda mjini lilikuwa linakaribia kuondoka na mimi nilikuwa na miadi. Nikaikaza nati, waya nikaacha. Nilijiambia nitaupitisha kesho, kwa sababu ndege haikupangiwa kuruka siku ile. Nikatia saini.

Kabla sijanawa mikono, Ausi akatokea na kofia yake. Alitaka kuijaribu saa ileile.

Ningesema maneno matatu tu: subiri, waya bado. Lakini saini ilishakauka, na kutia saini ya uongo lilikuwa kosa la kufukuzwa. Nikasema tumbo linaniuma, siwezi kupanda. Akanicheka, akapanda peke yake.

Nati ilichomoka angani. Oili ikamwagika yote, injini ikakwama, akatua kwenye shamba la mtama. Mguu wake wa kushoto ukavunjika vibaya. Wachunguzi walikuta tumbo la ndege limechanika na nati haikuonekana. Wakaandika kwamba rubani hakuangalia geji ya oili. Hakuruka tena maisha yake yote. Na mimi, ambaye saini yangu ilikuwa pale, nilikaa kimya.

Alipostaafu akahamia Lupaso, ukweni, kama ilivyo desturi yetu ya kusini, akalima korosho. Kila msimu nilimtembelea, na kila safari nilipanga kusema. Nikifika mlangoni tu ananiuliza, "Mtani, tumbo linaendeleaje?" Watu wanacheka, nami nacheka. Ulikuwa utani, au lilikuwa swali? Kwa mtani utajuaje? Nikirudi nyumbani, neno langu liko palepale kifuani.

Kisha akafa. Kwenye mazishi, mtani ana kazi yake, na mimi niliifanya. Nilivaa ovaroli lake la zamani, nikalitangulia jeneza nikichechemea kama yeye, nikipiga kelele, "Swichi zimezimwa!" Watu walicheka machozi yakiwatoka. Nilichechemea vizuri sana. Niliona haya, lakini sikuacha.

Siku ya arobaini yake nilitoka Mkunya kungali giza, ili niwahi gari la Masasi kule mjini. Ukungu wa Newala mwezi wa saba unaujua? Unanyoosha mkono huuoni. Nilikuwa natembea katikati ya mikorosho nikasikia injini. Nikadhani ni mashine ya kusaga, lakini hii ilikohoa mara mbili ndipo ikakaa sawa, kama injini ya ndege yetu. Naijua kama ninavyojua kikohozi cha marehemu mke wangu. Ikazima.

Mbele yangu akasimama mtu, amenipa mgongo. Ovaroli la kaki, mikono yote miwili juu, kama fundi aliyeshika pangaboi. Pangaboi lenyewe sikuliona. Alisimama wima kwa miguu yote miwili.

"Swichi zimezimwa?" akauliza bila kugeuka.

Sauti ilikuwa ya Ausi. Unaona nilivyochanganyikiwa? Maisha yetu yote mimi ndiye nauliza, yeye ndiye anajibu. Sasa yeye alikuwa fundi, mimi rubani, na mikono yake ilikuwa inangoja jibu langu. Nilitaka kusema zimezimwa. Ulimi ukakataa. Swichi zenyewe ziko wapi? Na nikidanganya tena, safari hii inakatika mikono ya nani?

Nikasema, "Mtani, ile nati sikuipitishia waya. Na tumbo halikuwa linaniuma."

Akashusha mikono polepole. Akaingia kwenye ukungu akitembea kama mwanajeshi wa gwaride. Nikataka kumfuata, nikaona mguu wangu wa kushoto hauinuki sawasawa.

Mama mmoja alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Akaniamkia, kisha akauliza mbona naongea peke yangu, na mguu nimeumia wapi. Nilimuuliza kama ameona mtu. Akasema amemwona mzee mmoja tu anayechechemea, ndiye mimi.

Nilifika Lupaso hivyo hivyo. Baada ya dua nilimfuata pembeni mjane wake, Mama Sharifa, nikamweleza yote: nati, saini, tumbo. Alikuwa anapeta mchele, hakuacha kupeta.

"Alijua, shemeji," akasema. "Mchana ule, kabla hajaruka, alikuona kantini umemaliza ugali wako ukaongeza na wa mwenzako. Mwenye tumbo hali hivyo."

Nikaketi chini kando yake.

"Kila ukija aliniambia, pika vizuri, leo mtani atasema. Ukiondoka ananiambia, bado tumbo linamuuma."

Nikamuuliza kama alinisamehe. Aliweka ungo chini, akafikiri.

"Hilo hakuniambia," akasema. "Nadhani alitaka akuambie wewe."

Tangu siku ile nachechemea. Hospitali wamepiga picha, mfupa mzima. Mchungaji wangu anasema ni huzuni, itapita. Ndugu zake Ausi wanasema ni yeye. Mimi sijui. Sijui kama alinipa mguu ule kwenye ukungu, au niliuchukua mwenyewe siku ya mazishi nilipokuwa nachekesha watu. Nikipita njia ile alfajiri huwa nasimama, nasikiliza. Hakuna kitu.

Wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu umemficha neno na bado yu hai, usingoje msimu ujao. Huenda ameshapika. Na siku ukiitwa kumzika mtani wako, kabla hujaigiza mwendo wake mbele ya jeneza, jiulize kwanza mguu ule aliuvunja nani.