Mardhiya Akataa Sare

Wanawake wa mtaa wake huko Kiembe Samaki wakitaka kujua sare ya harusi ya fulani ni kitambaa gani, walikuwa wakimuuliza Mardhiya. Alikuwa mwalimu wa skuli ya maandalizi, mwenye bashasha na vicheko vya kusikika nyumba ya pili, na hakuna shughuli iliyompita. Kila harusi alishona nguo mpya: ya siku ya hina, ya siku yenyewe, na kama bibi harusi ni wa ukoo, ya kwenda kumtazama kwa mumewe. Kabati lilijaa mpaka mlango ukakataa kufunga.

Mumewe, Talal, alikuwa fundi wa mafriji katika mahoteli ya Mji Mkongwe. Alikuwa mtu mpole, hanunui shati mpaka alazimishwe, lakini mbele ya vyombo vya umeme alikuwa hajiwezi. Siku moja alirudi na televisheni kubwa, ikabidi iingizwe mlangoni kwa ubavu. Alisema hoteli imempa bakhshishi.

Mishahara yao ilitosha kuwalisha wao na binti yao, Afra, na kumsomesha. Ila haikukaa. Mardhiya alikopa vitambaa kwa Bi Sheikha, mama wa makamo aliyeleta mali kutoka Dubai na kuipitisha nyumba kwa nyumba. Alipozidiwa alikopa kwenye simu ili amlipe Bi Sheikha, kisha akakopa kwa walimu wenzake ili ailipe simu. Talal hakuambiwa. Ikafika hadi mtu akipiga hodi, Mardhiya anachungulia dirishani kwanza.

Ijumaa moja mchana hodi ilikuwa ya Bi Sheikha. Mardhiya alikimbilia bafuni, huku akimnong'oneza Talal aseme katoka. Talal alidhani mkewe kachoka tu hataki wageni, akasema hivyo. Mgeni akajibu kwamba hana haraka, atangoja.

Akatiwa chai, akanywa taratibu, akauliza habari za Afra na bei za mafriji. Halafu, kwa adabu kabisa, akamweleza Talal kilichomleta na deni lilipofika. Mardhiya alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, anasikia kila neno.

Ilipoadhiniwa alasiri, Bi Sheikha aliinuka akaomba kutia udhu. Kabla mama hajagusa mlango wa bafu, ulifunguliwa kwa ndani.

"Shikamoo, Bi Sheikha," Mardhiya alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ushawasili."

Talal alijizuia kucheka, akashindwa. Bi Sheikha naye akaangua kicheko, na Mardhiya akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Walipokwisha kusali walikaa wote watatu mkekani.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," Bi Sheikha alimwambia. "Sikuja kukuaibisha, nimefuata changu, maana na mimi wapo wanaonidai. Nipe kidogo kidogo, lakini usinikimbie. Na mpaka umalize, uniombe vipi, sikuuzii hata mtandio."

Mgeni alipoondoka, Mardhiya alimtolea mumewe yote, pamoja na ya simu na ya walimu. Alingojea hasira. Talal akaitazama televisheni ukutani, akashusha pumzi.

"Na hii nayo sikupewa," akasema. "Nnailipia dukani kila mwezi."

Basi hapakuwa na wa kumlaumu mwenzake. Televisheni ikauzwa kwa mwenye mkahawa mmoja, likamalizwa deni la duka. Wakakubaliana kuanza na mkopo wa simu, kwa kuwa huo ndio uliokuwa ukivimba, na mshahara ukiingia wakae pamoja waupange kabla ya yeyote kutoka. Talal alilitengeneza friza bovu lililokuwa limetupwa uani, na Mardhiya akaanza kuuza barafu za ukwaju na ubuyu kwa majirani. Afra aliteuliwa kuonja, kazi aliyoifanya kwa bidii kupita kiasi.

Kazi ngumu ilikuja na harusi ya Ilham, binti ami yake Talal, huko Kizimkazi. Kitambaa cha sare kilikuwa cha bei, na Mwanaasha, shangazi wa bibi harusi, ndiye aliyekuwa akikusanya pesa. Mwanaasha alipopiga simu, Mardhiya alimwambia safari hii hatoshona. Atakuja na nguo aliyonayo, na atakuja mapema kusaidia jikoni. Mwanaasha akasema haya, na simu ikakatika.

Mardhiya alikwenda akiwa na wasiwasi. Alikata vitunguu asubuhi nzima, akapakua biriani, halafu akaoga akavaa gauni la buluu la harusi ya mwaka juzi na kuingia kati ya wanawake wote waliovaa rangi ya zabarijadi, kijani cha kung'aa. Wawili watatu walimtazama kutoka juu mpaka chini. Ngoma ilipokolea alicheza kama kawaida yake, na hakuna aliyemfikia kwa vigelegele.

Jioni Mwanaasha mwenyewe alimvuta pembeni, nyuma ya masufuria. Mardhiya alijiandaa kusutwa.

"Hebu niambie," Mwanaasha akamuuliza kwa sauti ya chini, "ulipataje moyo wa kukataa? Mimi hii nliyovaa bado nnadaiwa."

Kumbe hakuwa peke yake. Kabla ya Mardhiya kurudi mjini walishamfuata wengine, kila mmoja kwa siri. Katika harusi iliyofuata ya ukoo, tangazo la Mwanaasha lilikuwa fupi: rangi ni kijani, kila mtu avae kijani chochote alichonacho kabatini. Zikatoka kijani za kila namna, hata ya majani ya mgomba, na picha zikapendeza.

Deni la Bi Sheikha lilikwisha kabla ya Ramadhani. Siku ya malipo ya mwisho alikuja na furushi lake, akalifungua mkekani. Mardhiya alivipapasa vitambaa kimoja kimoja, akaugulia. Mwisho akachagua kanga moja, akailipia pale pale kwa pesa za barafu, na Bi Sheikha akampunguzia bei.