Nimehojiwa leo, lakini msifungulie redio

Kama mama amewaambia mfungulie redio jioni hii, acheni tu. Sitakuwa huko.

Hoteli tunayojenga ukuta wake hapa Kitale ina mafunzo ya waandishi wa habari vijana. Walimu wao wametoka ng'ambo.

Leo msichana mmoja kati yao alinijia na kinasa sauti, akaniuliza kazi ikoje.

Nikamwambia yote. Kwamba mwenzetu Wafula alianguka, mguu ukavunjika, na kontrakta hajaenda hata kumwona. Niliongea kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Msimamizi alikuwa nyuma yangu akisikia. Sikujali, si Kenya nzima ingesikia pia?

Msichana alipompelekea mwalimu wake kinasa sauti, nikampigia mama kule Misikhu. Akasema anakimbia kununua betri.

Mwalimu akasikiliza, akampongeza msichana kwa maswali mazuri. Halafu msichana akafuta. Mbele yangu.

"Mbona unafuta?"

"Pole, baba. Hiyo ilikuwa ya mazoezi tu. Sasa ni zamu ya mwenzangu."

Msimamizi akacheka. "Wewe mtu ya redio, kesho usikuje. Enda utangaze."

Kwa hivyo Wafula bado amelala na ule mguu, na mimi sina kazi.

Mama naye ameita majirani. Ati hata shangazi ametoka Matulo, na viti vimeisha.

Nyinyi mngemwambia nini?

Simu inalia tena. Ni yeye.