Papai Alilopewa Ngosha

Mwaka jana nilipita Majengo, Mpanda, nikautafuta uwanja wetu nikaukosa. Palipokuwa na goli la miti sasa kuna duka la mabati na misumari, na pale katikati tulipokuwa tunaanzishia mpira, bajaji zimejipanga zinasubiri abiria. Nikasimama nikishangaa. Halafu, rafiki yangu, badala ya huzuni nikapandwa na wivu. Wivu wa miaka ya tisini, mzima kabisa, kama nimeuacha jana.

Ulianzia kanisani. Katekista alitangaza kwamba kwenye mradi wa visima kuna Mmarekani aliyewahi kucheza mpira wa miguu wa kulipwa, kisha akawa kocha, na amekubali kutufundisha. Lo! Namba tisa wa Majengo nilikuwa mimi. Siku hiyo niliwahi kuchota maji, nikameza uji wa bibi wa moto hivyo hivyo, nikafika mazoezini kabla ya wote. Moyoni nilishapanda treni ya Kaliua, naenda kucheza ng'ambo.

Kocha akaja, bonge la mtu, anachechemea. Akatoa mpira. Jamani! Mrefu, umechongoka huku na huku kama papai. Mwalimu wetu wa Kiingereza, aliyekuwa akitafsiri, alimsikiliza, akakuna kichwa.

"Anasema mpira wa miguu wa kwao unachezwa kwa mikono."

"Sasa miguu ya nini?" tukauliza.

"Ya kukimbilia."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kocha naye alicheka, kisha akatusimulia alivyoanza shuleni, alivyochukuliwa na timu kubwa, watu wakijaa uwanjani kumtazama, mpaka siku goti lilipovunjika wakamwacha. Ndipo akageukia kufundisha watoto wa watu. Wenzangu walimwonea huruma. Mimi nilimwonea wivu hata hilo goti.

Nikapiga chenga zangu zote mbele yake. Akasema vizuri, akapita, akaenda kusimama kwa Ngosha. Huyu alikuwa jirani yetu, mtoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe. Mpira hajui, akiupiga unaishia kwa wauza samaki wa migebuka. Ila alizoea kurudisha ng'ombe kwa kuwarushia mabonge ya udongo. Alipopewa lile papai akalirusha, likazunguka angani, likavuka uwanja. Kocha akapiga ukelele akamwinua juu juu. Tangu hapo ni Ngosha, Ngosha, Ngosha. Kila jioni wanarushiana wawili, mimi nimenuna jikoni namenya karanga, na bibi ananisema: "Nyie watoto wa siku hizi! Mtu ananunia papai!"

Mechi ya mpira wetu wa kawaida na kijiji cha Mwamkulu tulicheza kando ya mashamba yao, mpunga ukiwa umeshavunwa. Mpaka mwishoni hakuna aliyefunga. Mpira ukatoka nje, kocha akamwingiza Ngosha aurushe tu. Akaurusha kwa mikono miwili, ukaja mpaka mbele ya goli. Nikaruka, nikaupiga kichwa, goli! Nikakimbia mikono juu, nikageuka kuwasubiri wanibebe. Wapi! Wote wamembeba Ngosha. Hata bibi yangu, bibi yangu mimi, alikuwa anampigia yeye vigelegele.

Visima vilipokwisha, kocha aliondoka na treni. Mimi alinipa mkono, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Wewe mchezaji kweli." Ngosha alipewa lile papai.

Leo bibi hayupo, wenzangu wametawanyika, uwanja haupo, na Wasukuma wale walihama na ng'ombe wao kuelekea kusini, sijui wapi. Niliwauliza vijana wa bajaji habari za yule kocha, wakaniuliza kocha gani. Nikawaambia nilifunga kule Mwamkulu kwa kichwa. Mmoja akasema, "Sawa, mzee," akawasha bajaji yake. Basi aliyebaki wa kunishuhudia ni Ngosha peke yake. Ukikutana naye huko kusini, muulize kama analikumbuka goli langu. Na kama lile papai bado analo, tafadhali, usiniambie.