Kiatu cha Jumamosi

Kila Jumamosi alasiri, wanamgambo wa chama tawala, wenye mashati meusi, walipopita mitaani Parma, Italia, na kila mtu kutakiwa asimame mlangoni, anyooshe mkono na kumsifu Kiongozi Mkuu kwa sauti, fundi viatu wa kona alikuwa keshajaza misumari mdomoni. Ersilia, muuza mikate wa ng'ambo ya njia, aliizoea mikono yake iliyokolea nta, nyundo kulia, kiatu kushoto, na kale kawimbo kake ka puani kasikokwisha.

Siku moja mkuu wa chama akamsimamia mlangoni.

"Mzee, leo pia hutusalimii?"

Fundi akaonyesha mdomo wake kwa nyundo. Misumari ilichomoza kama masharubu ya paka.

"Haya, nangoja iishe."

Fundi akagonga mmoja mmoja, taratibu, huku akiimba puani. Ulipobaki mmoja, tarumbeta likalia mbele. Mkuu akasonya, akawakimbilia wenzake.

Ersilia akavuka na mkate wa moto, akakiinua kile kiatu. Kilikuwa kizito kama pasi ya mkaa. Soli nzima ilikuwa misumari mitupu, mingine imeshika kutu ya miaka.

"Cha nani hiki, baba?"

Fundi akautema msumari wa mwisho kiganjani, akaumega mkate.

"Cha Jumamosi, mwanangu."